Insha Isiyo na Kazi: Uhakiki wa Ufundishaji wa Kuandika katika Shule Zetu

Kujua kuandika na kujua kuandika jambo ni vitu viwili. Katika kile cha kwanza taifa letu limefanya kazi kubwa. Tangu hati ya Elimu ya Kujitegemea ilipotolewa Machi 1967, tangu Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote, na tangu kampeni za kisomo cha watu wazima za miaka ya 1970, mamilioni ya wananchi wameshika kalamu ambayo wazazi wao hawakuishika. Hakuna mwenye haki anayeweza kuibeza kazi hiyo. Lakini katika kile cha pili bado tuko nyuma, na kubaki nyuma huko kuna gharama ambayo umma unailipa kila siku bila kujua kwamba ni gharama ya elimu.

Tunaposema kuandika vizuri hatuna maana ya mwandiko wa kupendeza, wala maneno mazito, wala methali zilizopachikwa mwanzoni mwa kila aya. Tuna maana ya uwezo wa mtu kuyapanga mawazo yake. Kutenganisha aliyoyaona na aliyoambiwa. Kueleza nani alifanya nini, lini na kwa sababu gani. Ili mtu mwingine ambaye hakuwapo aelewe, apime na aamue. Uwezo huo hauhusu waandishi wa vitabu peke yao. Ni chombo cha kazi, kama jembe na mizani, na kila raia anauhitaji.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini jarida la nadharia lijishughulishe na daftari la mtoto wa darasa la nne? Jibu letu ni hili. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni wananchi wenyewe. Lakini wananchi wakishatawanyika kurudi mashambani, kinachobaki cha mkutano ule ni muhtasari. Kama muhtasari unasema kwamba suala la shamba la bondeni lilijadiliwa na kuafikiwa, bila kusema ni ekari ngapi, amepewa nani, kwa masharti gani, na nani alipinga kwa hoja ipi, basi uamuzi wa umma umekwisha kuondoka mikononi mwa umma. Umehamia kwa yule aliyeshika kalamu. Mwenye kalamu hana haja ya kusema uwongo. Inamtosha kuandika vibaya. Na wale wasioweza kuusoma muhtasari kwa jicho la kuuliza watautia sahihi.

Mtu huyo anayeandika muhtasari mtupu, na yule anayeutia sahihi, wote wawili walipita shuleni. Hapana budi tuulize walifundishwa nini huko.

INSHA YA SHULE ILIVYO

Tuichukue insha ya shule jinsi inavyojulikana na kila aliyesoma nchini. Mwalimu wa Kiswahili anaandika kichwa ubaoni: Umuhimu wa Maji, au Faida za Elimu, au Ukimwi ni Hatari. Mwanafunzi anajua la kufanya. Anaanza kwa kusema kwamba maji ni kitu muhimu sana katika maisha ya binadamu, na kwamba bila maji hakuna uhai. Kisha anaorodhesha: kwanza, maji hutumika kwa kunywa, pili, kwa kupikia, tatu, kwa kufulia. Anahitimisha kwamba kwa hiyo jamii yote haina budi kutunza vyanzo vya maji. Mwalimu anasahihisha herufi zilizopinduka, anaweka alama 12 kati ya 20, na daftari linafungwa.

Tuihakiki insha hiyo kama tunavyohakiki maandishi mengine yoyote. Je, kuna neno la uwongo ndani yake? Hakuna. Je, kuna kosa la sarufi? Pengine hakuna. Lakini ndani yake hamna mtu. Hamna kisima, hamna foleni, hamna ndoo, hamna mama aliyeamka usiku kwenda kuchota. Mwanafunzi anaweza kuwa ametembea saa nzima asubuhi ile ile kutafuta maji, na insha yake isilijue jambo hilo. Isitoshe, insha hiyo haina msomaji. Imeandikwa kwa mwalimu, ambaye anajua tayari kwamba maji hunywewa. Mwanafunzi hamwambii mtu kitu. Anaonyesha tu kwamba anaweza kujaza ukurasa.

Hiyo ndiyo insha isiyo na kazi. Haijengi, haiulizi, haimshawishi mtu, haimletei mtu habari. Mafunzo yake halisi, yaani yale ambayo mwanafunzi anaondoka nayo bila kufundishwa kwa mdomo, ni matatu: kwamba kuandika ni kusema yale ambayo kila mtu ameshayakubali; kwamba ukweli wa maisha yako si kitu cha kuandikwa; na kwamba msomaji ni mkubwa anayetoa alama, wala si mwenzako anayehitaji kujua.

Mwanafunzi huyo akikua na kupewa ofisi ataandika nini? Ataandika kwamba changamoto mbalimbali zilijitokeza na hatua stahiki zinaendelea kuchukuliwa. Ataandika kwamba fedha za mradi zilitumika kama ilivyokusudiwa. Tuziangalie sentensi hizo kwa makini. Kiswahili kina kauli ya kutendwa, na kauli hiyo ina mahali pake. Lakini ikitumiwa kila mara humficha mtenda. Zilitumika: na nani? Hatua zinachukuliwa: na nani, kuanzia lini? Changamoto zilijitokeza: zilitoka zenyewe chini ya ardhi kama uyoga? Urasimu hauanzi katika ofisi. Unaanza katika sentensi, na sentensi hiyo inafundishwa katika daftari la insha.

ILIKOTOKA

Insha hii haikushuka kutoka mbinguni, ina historia. Dola za kikoloni zilihitaji watu wachache wa kuandika kwa niaba yake. Shule ya serikali ya Wadachi iliyofunguliwa Tanga katika miaka ya 1890 ilikusudiwa kutoa makarani, wakalimani, walimu na maakida. Waingereza waliofuata walihitaji makarani vivyo hivyo. Karani mzuri wa kikoloni alikuwa na mwandiko safi, alinakili bila kukosea, na hakuweka mawazo yake katika barua ya bwana. Shule ya kikoloni ilimfundisha mwafrika kuandika maneno ya mtu mwingine. Kunakili kutoka ubaoni, ambako bado kunachukua sehemu kubwa ya siku ya mwanafunzi wetu, ni urithi wa ukarani huo.

Lakini historia haina upande mmoja. Hata katika utawala ule Waafrika waliigeuza kalamu ikawa yao. Gazeti la Kiongozi lililochapwa Tanga wakati wa Wadachi, na Mambo Leo lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923, yalikuwa magazeti ya wakubwa. Hata hivyo wasomaji waliyajaza barua, habari za kwao na mashairi. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha gazeti la Kwetu mjini Dar es Salaam, gazeti la mwafrika mwenyewe. Shaaban Robert alikuwa karani wa Idara ya Forodha. Ofisini aliandika ya serikali, na nje ya ofisi akaandika yaliyobaki mpaka leo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika kwa sababu alipewa kichwa cha habari na mtahini. Waliandika kwa sababu walikuwa na jambo na walikuwa na wa kumwambia.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimshtaki Mwalimu Nyerere kwa kuwakashifu maafisa wawili wa wilaya katika Sauti ya TANU, na mahakama ikamtoza faini ya shilingi 3,000. Tulitafakari jambo hilo kwa upande wa uandishi peke yake. Kwa nini maandishi yale yalimuudhi mkoloni? Malalamiko ya jumla kwamba utawala una kasoro mbalimbali yasingefikishwa mahakamani. Kilichoshtakiwa ni maandishi yaliyosema fulani amefanya jambo fulani. Sentensi yenye mtenda ina uzito, na ndiyo maana ina gharama.

SI MWALIMU WA KISWAHILI PEKE YAKE

Kasoro ya pili, iliyo kubwa kuliko ya kwanza, ni kuamini kwamba kuandika ni kazi ya kipindi cha lugha tu. Mwalimu wa sayansi akiona sentensi isiyoeleweka husema hilo ni la mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu wa historia hutoa maelezo ubaoni, wanafunzi hunakili, na siku ya mtihani huyarudisha maelezo yale yale. Katika masomo hayo mwanafunzi huandika kurasa nyingi sana, lakini hatungi hata sentensi moja.

Kasoro hii si ya nchi yetu peke yake, na kuona ilivyochunguzwa kwingine kunaweza kutusaidia. Mwaka 1975 kamati iliyoongozwa na Bullock nchini Uingereza ilitoa taarifa iliyosisitiza kwamba lugha ni jukumu la kila mwalimu katika kila somo. Mwaka huo huo James Britton na wenzake wa Chuo Kikuu cha London walichapisha uchunguzi wao wa maandishi yapatayo 2,000 ya wanafunzi kutoka shule 65. Waliona kwamba karibu nusu ya maandishi hayo yalikuwa yameandikwa kwa mwalimu akiwa mtahini. Yaani hata katika nchi tajiri, yenye vitabu na karatasi tele, mwanafunzi aliandika zaidi kupimwa kuliko kuwasiliana au kufikiri. Kwa hiyo wanaosema kwamba kasoro yetu ni ya umaskini wa vifaa tu wanasema nusu ya kweli.

Kila somo lina namna yake ya kufikiri, na kila namna ya kufikiri ina namna yake ya kuandikwa. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kufundisha zote hata akitaka.

Tuchukue sayansi. Wanafunzi wamepanda maharage katika makopo mawili, moja likawekwa dirishani na jingine ndani ya kabati lenye giza. Baada ya siku 10 waandike. Mwalimu awape maneno matatu tu ya kujengea: niliona, niliambiwa, nadhani. Niliona kwamba mche wa kabatini ni mrefu, mwembamba na umepauka. Niliambiwa kwamba mmea unahitaji mwanga ili kutengeneza chakula. Nadhani mche ule ulirefuka kwa kuutafuta mwanga. Mwanafunzi anayejua kutoyachanganya mambo hayo matatu ameipata sayansi yenyewe. Na siku atakapoletewa uvumi kwa simu, kwamba dawa fulani inaponya kila ugonjwa, atajua kuuliza: huyu ameona, ameambiwa, au anadhani?

Tuchukue hisabati, somo ambalo wengi hudhani halina uandishi. Mkulima ana kilo 240 za pamba. Mizani ya mnunuzi inapunja kilo 1 katika kila kilo 20. Mwanafunzi atapata upesi kwamba mkulima amepunjwa kilo 12. Sasa aambiwe: andika sentensi tano kwa wanachama wa ushirika, ambao hawakuiona hesabu yako, uwathibitishie kwamba kilo 12 zimepotea. Hapo ndipo itakapojulikana nani ameielewa hesabu na nani amekariri njia. Hesabu isiyoweza kuelezwa kwa maneno haiwezi kumtetea mkulima mbele ya mizani.

Tuchukue historia. Badala ya kunakili sababu saba za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, mwanafunzi apewe maelezo mawili yanayopingana, aandike yanakubaliana wapi, yanatofautiana wapi, na ni nani aliyekuwa na faida ya kusema hivi au vile. Katika jiografia aandike maelekezo ya njia kutoka shuleni hadi mtoni, kisha mwenzake asiyeijua njia ayafuate. Akipotea, insha imejisahihisha yenyewe. Katika kilimo kuwe na daftari la shamba la shule: tarehe ya kupanda, mvua, palizi, wadudu, mavuno, mauzo. Daftari hilo lisomwe na wanafunzi wa mwaka unaofuata. Shamba la shule lisilo na daftari hutoa mahindi, lakini halitoi elimu.

WALIOANDIKA KWA KUSUDI

Je, jambo hili linawezekana kwa watoto wa wakulima, katika shule zisizo na kitu? Kuna mifano miwili ya Ulaya tunayoitaja kwa sababu ilianzia kwa watoto wa namna hiyo hiyo.

Katika miaka ya 1920, Célestin Freinet, mwalimu wa shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup kusini mwa Ufaransa, aliweka mtambo mdogo wa kupiga chapa ndani ya darasa. Watoto waliandika habari za maisha yao. Darasa likazijadili na kuzisahihisha kwa pamoja. Kisha wakapanga herufi za risasi kwa mikono yao na kuzichapa. Karatasi hizo walizituma kwa watoto wa shule nyingine huko Trégunc, Brittany, mbali sana na kwao, nao wakaletewa za wenzao. Mtoto anayejua kwamba karatasi yake itasomwa na mwenzake ambaye hajawahi kukiona kijiji chake, hahitaji kuhubiriwa kuhusu umuhimu wa kueleza wazi. Na mtoto aliyepanga neno herufi kwa herufi hulijua neno hilo vizuri.

Mfano wa pili ni wa Barbiana, mahali pa wakulima katika milima ya kaskazini mwa Florence, Italia. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa hati yetu ya Elimu ya Kujitegemea, wavulana wanane wa shule ya padri Lorenzo Milani walitoa kitabu cha barua kwa mwalimu, wakishutumu jinsi shule za serikali zilivyokuwa zikiwakatisha masomo watoto wa maskini. Walikiandika kwa ushirika. Kila mmoja alitembea na daftari dogo mfukoni akiandika kila wazo lililomjia. Mawazo yakahamishwa kwenye vipande vya karatasi, wazo moja kipande kimoja, upande mmoja tu. Vipande vikatandazwa mezani, vilivyofanana vikaondolewa, vilivyohusiana vikawekwa fungu moja, na mafungu yakawa sura. Ndipo ikaanza kazi ngumu ya kukata: kila neno lisilo la lazima, kila sentensi iliyobeba mawazo mawili, kila neno ambalo mkulima asingelielewa.

Tunaomba makada wautazame mfano huo kwa makini. Kwanza, vifaa vyake ni karatasi na meza. Pili, unaonyesha kwamba kuandika vizuri si kipaji cha mtu mmoja aliyezaliwa nacho. Ni kazi yenye hatua, na kazi yenye hatua hufundishika. Tatu, unaonyesha kwamba ushirika, ambao wengi wetu tunaujua katika shamba na katika ujenzi wa zahanati, unaweza kuingia hata katika kutunga.

Wala sisi hatukosi mifano yetu. Mradi wa kisomo cha manufaa ulioanza mwaka 1968 katika eneo la Ziwa Victoria ulitumia vitabu vilivyohusu pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji. Herufi zikafundishwa ndani ya kazi ya mwanafunzi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kijitabu, kujadili na kutenda. Watu walitoka katika somo wakachimba vyoo. Hapo neno na tendo vilikaa pamoja. Ajabu ni kwamba njia tuliyoitumia kwa wazee hatukuipeleka katika madarasa ya watoto wao.

SUALA LA LUGHA

Hatuwezi kuzungumzia uandishi katika masomo yote tukaliruka suala la lugha ya kufundishia. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali mwaka 1967. Sekondari ilibaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na ndugu Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 uliona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini sekondari ziliendelea na Kiingereza.

Matokeo yake katika uandishi ni wazi. Mwanafunzi aliyeanza kupata nguvu ya kueleza kwa Kiswahili anafika kidato cha kwanza na kunyang'anywa chombo chake. Hawezi kutunga katika lugha ambayo hajaimudu. Anaweza kunakili tu. Hivyo karani wa zamani anazaliwa upya. Hatusemi Kiingereza kisifundishwe. Kifundishwe, tena vizuri kuliko sasa, kwa walimu wanaokijua. Tunasema kwamba mawazo hukomaa kwanza katika lugha ambayo mtu anaweza kubishana nayo. Wakati suala hilo linasubiri uamuzi, mwalimu wa fizikia au baiolojia anaweza kumwacha mwanafunzi aandike rasimu ya kwanza ya maelezo yake kwa Kiswahili, akahakikisha kwamba wazo limekaa sawa, ndipo alihamishe katika Kiingereza.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo watakaosema: kwanza sarufi, mengine baadaye. Tunajibu kwamba sarufi ni muhimu, lakini hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kukariri majina ya viungo vya mwili. Sarufi ifundishwe pale ambapo mwanafunzi anaihitaji ili jambo lake lieleweke, ndipo itakapomkaa.

Wapo watakaosema: mtihani hauruhusu. Hoja hii ina uzito. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umekuwa kwa miaka mingi, kwa sehemu yake kubwa, wa kuchagua herufi ya jibu, na kuanzia mwaka 2012 majibu yalianza kusahihishwa kwa mashine. Shule hufundisha kile kinachopimwa. Mtoto anayeweza kufaulu kwa kuweka kivuli kwenye viduara hatashangaza akifika sekondari bila kuweza kuandika aya. Lakini Azimio la Musoma lilikwisha kusema mwaka 1974 kwamba mtihani wa mara moja usiwe kipimo pekee, na kwamba kazi ya mwanafunzi ya kila siku ihesabiwe. Msingi upo, unaohitajika ni utekelezaji wake, na daftari la maandishi ya mwanafunzi mwenyewe liwe sehemu ya tathmini hiyo.

Wapo watakaosema: wanafunzi ni wengi. Hii ndiyo hoja ya mwalimu mwaminifu, na hatuipuuzi. Mwalimu mwenye wanafunzi 80, akitumia dakika 5 kwa kila insha, atahitaji dakika 400, karibu saa 7, kwa zoezi moja. Hakuna binadamu wa kufanya hivyo kila wiki. Lakini hesabu hiyo inatisha kwa sababu inadhani kwamba msomaji wa pekee ni mwalimu. Insha moja ikiandikwa ubaoni, jina likafichwa, darasa zima likaisahihisha sentensi kwa sentensi, wanafunzi 80 wamejifunza kwa dakika 40. Wanafunzi wawili wawili wakisomeana, kila mmoja akauliza maswali matatu ambayo insha ya mwenzake haikuyajibu, rasimu ya pili itakuwa bora bila kalamu nyekundu. Mwalimu naye achague jambo moja kwa wiki: wiki hii tunaangalia kama mtenda ametajwa, wiki ijayo tunaangalia mpangilio wa aya. Daftari lililojaa wino mwekundu kila mahali halimfundishi mtoto chochote isipokuwa kuogopa kuandika.

Na katika siku zetu imezuka hoja mpya. Zipo programu za kompyuta zinazoweza kutunga insha ya Umuhimu wa Maji kwa sekunde chache, pengine kwa Kiswahili safi kuliko cha mwanafunzi. Wengine wanaona huo ndio mwisho wa kufundisha kuandika. Sisi tunaona ni mwisho wa insha isiyo na kazi, na haistahili kuliliwa. Mashine iliweza kuitunga kwa sababu insha ile haikumhitaji mtu. Lakini mashine haikukaa katika foleni ya kisima cha kijiji chako. Haijui kwamba pampu imekaa miezi mitatu bila kufanya kazi, wala nani alikabidhiwa fedha za vipuri. Hilo utaliandika wewe au halitaandikwa kabisa.

KAZI ILIYO MBELE

Uhakiki usiotoa njia ni lawama tu. Tunapendekeza mpango unaopanda ngazi kwa ngazi.

Darasa la kwanza na la pili, ambako tangu mwaka 2015 mkazo umewekwa katika kusoma, kuandika na kuhesabu, mtoto asiishie kunakili. Aseme sentensi yake mwenyewe, mwalimu aiandike ubaoni, mtoto aisome na kuiandika. Ajue tangu siku za mwanzo kwamba maneno yake yanaandikika.

Darasa la tatu na la nne ajifunze kueleza jambo kwa mfuatano: jinsi ya kupika uji, jinsi ya kuziba pancha ya baiskeli, barua kwa bibi yenye habari za kweli. Kipimo kiwe kimoja: je, mtu akifuata maelezo haya, uji utaiva?

Madarasa ya juu ya shule ya msingi aandike taarifa na muhtasari. Baraza la wanafunzi likikutana, wanafunzi wapokezane ukatibu, na muhtasari usomwe mbele ya wote, nao wauthibitishe au waukatae. Kijana aliyewahi kusimama na kusema, hapana, hatukukubaliana hivyo, hataburuzwa kwa urahisi katika mkutano mkuu wa kijiji.

Sekondari aandike hoja na ushahidi katika kila somo, na katika kila muhula awe na andiko moja linalokwenda kwa msomaji wa kweli nje ya darasa: kamati ya shule, zahanati, ushirika, gazeti. Chuo cha ualimu nacho kisimtoe mwalimu ambaye hajaandika mwenyewe, akasomwa na wenzake, akaandika tena. Asiyeandika hawezi kufundisha kuandika.

Kwa makada wito wetu ni mfupi zaidi. Kabla ya kupeleka taarifa yoyote, isomwe tena na kuulizwa maswali manne: nani, nini, lini, kiasi gani. Kila penye imefanyika, pawekwe aliyefanya. Taarifa itakuwa fupi, na huenda wengine isiwapendeze. Lakini wananchi wataielewa, na wakiielewa wataweza kuihoji. Kiongozi anayeogopa sentensi yenye mtenda hana haki ya kuwalaumu walimu.

Umma ulijifunza kusoma ili usidanganywe. Sasa hauna budi kujifunza kuandika ili usisemewe.